Fisi Kibogoyo na Watoto wa Kajiado

Noonkopir, Kitengela

Mayi, mama yangu mpendwa,

Mulembe. Mulembe kwako, kwa nyumba yako yote, na hata kwa yule jogoo wako asiyejua saa, anayewika watu wakiwa bado kwenye ndoto. Mimi ni mzima. Kifua kilichonisumbua kwa sababu ya vumbi la huku kimetulia, na ninakula vizuri, kwa hivyo usianze kuniombea mbele ya kanisa lote kama nimelazwa. Goti lako je? Ile dawa ya kupaka niliyotuma inakusaidia, au umeshampa jirani? Nakujua. Na mahindi mmeyavuna mkayaanika, ama Baba Mdogo bado anasema kesho?

Najua anayekusomea barua hii ni Nafula, kwa kuwa macho yako bado yanangoja miwani. Nafula mwanangu, msomee Kukhu wako taratibu, usiruke mistari kama ulivyofanya mara ya mwisho. Nilisikia. Mayi, wewe husema maneno ya simu yanakimbia ukiyatafuta kesho yake, lakini barua unaweza kusomewa tena mkipukuchua mahindi. Basi nimeandika nikijua ni sauti ya nani itakayoyasema haya, na mengine humu ni yake kama yalivyo yako.

Kitengela haijabadilika, ila inaongezeka. Kila nikienda kanisani napita mahali palipokuwa na mbuzi Jumapili iliyopita, nakuta wameshachimba msingi wa ghorofa. Mbuzi wenyewe wamesogea mbele kidogo, wanatafuna karatasi za saruji. Maji bado tunanunua kwa mkokoteni. Jirani yangu wa mlango wa pili amenunua kanda ya nyimbo za dini, wimbo ni mmoja, na sasa hata mimi naujua wote kwa Kikamba bila kuelewa neno.

Kuhusu kazi, hapo ndipo penye hadithi. Unakumbuka ulivyokuwa ukinifinya nikiwa mdogo kwa sababu ya maswali? Ulinifinya mpaka nikalia siku nilipomuuliza mchungaji kama na yeye huogopa giza. Sasa kuna mtu ananiajiri kwa ajili ya maswali hayo hayo. Mama Njoki, mwenye duka letu, ameona kwamba mteja akiingia mimi simwachi mpaka nijue kwa nini amechukua hiki akaacha kile. Zamani alisema nachelewesha foleni. Siku hizi ananiita kando na kuniuliza, "Nekesa, huyo alisema nini?"

Duka letu, kama nilivyowahi kukueleza, linauza gemu za watoto, zile za kuchezwa kwenye runinga. Unashika kidude chenye vibonyezo, unabonyeza, na yule mtu aliye ndani ya runinga anakimbia au anaruka unavyotaka. Mayi, usicheke. Kuna watu wazima wenye ndevu wanaokuja pale na kusahau walikokuwa wakienda.

Sasa sikia. Kuna katuni inayopendwa sana na watoto, inaonyeshwa Jumamosi asubuhi. Nafula, najua unaijua, maana Baba Mdogo alisema siku hiyo huonekani shambani. Ni ya yule fisi anayeitwa Kibogoyo. Mayi, nikueleze wewe: ni fisi asiye na jino hata moja. Kila siku anaingia bomani kuiba mbuzi, anamfikisha pangoni kwake, halafu hawezi kumla. Basi mwisho wake wanacheza densi, fisi na mbuzi, na fisi anacheka mpaka anaanguka chali. Hiyo ndiyo katuni nzima. Watoto wanaijua kwa moyo.

Vijana fulani wa Nairobi wameitengenezea gemu. Wewe ndiye fisi. Unamwongoza Kibogoyo usiku, unapita kwenye ua wa miiba, unamkwepa mbwa, unamchukua mbuzi na kutoka naye. Mbwa akikukamata, basi, umeshindwa, unaanza upya. Walimletea Mama Njoki wakamwomba aagize nyingi kabla shule hazijafungwa, eti wazazi watanunua kwa wingi wakati wa likizo. Mama Njoki si mtu wa kuambiwa eti. Akaniita akaniwekea runinga ndogo mezani, akasema, "Hii itauzika Kitengela? Na Kajiado je? Mimi sitaki kudhani. Enda uniangalilie."

Halafu akaongeza jambo lililonifanya nikae chini. Amepata chumba cha duka mjini Kajiado, karibu na stendi. Alisema gemu hii ikionyesha kwamba itanunuliwa kule, atalifungua duka mara moja na mimi ndiye nitakayelisimamia. Nyuma ya duka kuna vyumba viwili vya kuishi. Mayi, vyumba viwili! Humu nilimo sasa, nikifungua mlango unagonga kitanda. Nikamuuliza kama naweza kukaa na mtoto wangu, akasema, "Vyumba viwili utafanyia nini peke yako?"

Ndiyo maana nilikwambia kwenye simu kwamba huenda Januari nikaja kumchukua Nafula. Sikusema kwa nini, nikaogopa kuharibu. Lakini nilikuwa nimeshakwenda kuviona hivyo vyumba. Kimoja kina dirisha linalotazama uwanja wa shule. Nilisimama pale nikapima kwa mikono mahali kitanda kingekaa.

Nikaanza na Kitengela, pale pale dukani. Huku kazi ilikuwa nyepesi. Watoto waliingia na mama zao wakitoka kununua viatu, wakamwona Kibogoyo kwenye runinga, wakapiga kelele jina lake kama wameona mjomba. Nilichojifunza kwanza ni kwamba mtoto anayeipenda katuni hanunui gemu tu, anakuja kuikagua. Kijana mmoja wa shati la shule alicheza kidogo, akasimama, akanigeukia na uso wa hakimu.

"Auntie, hii kicheko si yake."

"Kivipi?"

"Kwa TV anacheka mpaka anaanguka. Hapa wamekata. Hawa walitengeneza hata hawakuwatch."

Na wenzake wote wakatikisa vichwa. Nikaona kumbe wanaotengeneza vitu hivi wana kazi ngumu: mtoto hasamehe. Lakini pamoja na lawama zote hakuna aliyeacha kile kidude bila kunyang'anywa. Walimwiba mbuzi kwa shangwe, wakapongezana, wakaiba tena. Baba mmoja aliyekuja kununua chaja akasema ajaribu mara moja tu aone, na mkewe akaja kumtafuta akamkuta amekaa kwenye kiti changu huku mtoto wao akimwelekeza, "Daddy, pita huku, mbwa amelala!" Waliondoka nayo. Jambo la pili nililojifunza ni hilo: ukitaka kujua kama kitu kitauzika, usimwangalie mtoto, mwangalie mzazi anauliza nini. Hapa kila mzazi, hata aliyenuna, kabla ya kutoka aliuliza bei.

Basi nikaenda Kajiado siku ya soko la mifugo. Mama Njoki anafahamiana na mwenye duka la dawa za mifugo linalotazamana na soko, akanipa nafasi barazani na waya wa umeme. Nikaweka runinga yangu juu ya kreti. Mbele yangu ng'ombe, mbuzi, kondoo, wanaume wenye fimbo wakibishana bila kuinua sauti, na mabinti wanauza chai. Karibu yangu barazani alikaa mama mmoja anauza shanga, jina lake Mama Nasieku. Nilimsalimu "Takwenya" nilivyofundishwa, akaitikia "Iko," kisha akaniuliza mambo ya kwetu mpaka nikaona leo nimepata mwenzangu wa maswali.

Watoto wakaanza kukusanyika. Mayi, watoto wa huku wakikufikia wanainamisha kichwa mbele yako. Mara ya kwanza nilidhani wanatafuta kitu chini, nikatazama chini na mimi. Kumbe unatakiwa uweke mkono kichwani, ndiyo salamu ya mtoto kwa mkubwa. Basi nikawa naweka mkono kichwa baada ya kichwa, na nikakiri moyoni kwamba salamu hii nimeipenda.

Katuni wanaijua, msidhani hawaijui. Walipomwona fisi wakaanza kuitana, "Olng'ojine! Olng'ojine!" ndilo jina la fisi kwa Kimaasai. Wa kwanza kushika kidude alikuwa binti wa yule mama wa shanga, Nasieku mwenyewe, mkubwa kidogo kumpita Nafula. Nikamwonyesha vibonyezo. Akanisikiliza vizuri, akamchukua Kibogoyo, akamkimbiza moja kwa moja mpaka kwa mbwa.

Mbwa akamkamata. Ikaandikwa kwamba ameshindwa. Na watoto wote wakapiga yowe la furaha.

Nikadhani hajaelewa. Nikamwonyesha tena, "Pita huku nyuma, mbwa hatakuona." Akaitikia kwa adabu, kisha akampeleka Kibogoyo kwa mbwa haraka kuliko mwanzo. Yowe. Akampa mwenzake. Yule naye, kwa mbwa. Mwingine akagundua kwamba ukimrusha fisi kwenye ua wa miiba ananasa na kulia, basi hapo barazani pakawa hapatoshi. Wakapanga foleni, Mayi, foleni ya kwenda kushindwa! Hata wazee wawili wa soko wakaja wakasimama na fimbo zao, wakacheka mpaka mmoja akafuta machozi.

Mimi nikaona kicheko tu. Nikatoa simu, nikapiga video ya ile shangwe, nikamtumia Mama Njoki. Hata haikuchukua muda, akanirudishia sauti: "Nekesa! Sikia hiyo kelele! Hiyo ni soko kabisa! Mimi naongea na mwenye nyumba leo leo, tusije tukanyang'anywa hiyo place."

Moyo wangu uliruka, nisikudanganye. Nikaona lile dirisha linalotazama shule. Lakini wewe unajua nilivyo, swali likiniingia linakaa kama mbegu ya pera kwenye jino. Nikamwita Nasieku.

"Mbona unampeleka kwa mbwa? Si ungepita pale nyuma?"

"Akipita pale atafika kwa mbuzi."

"Ndiyo. Akifika ndiyo umeshinda."

Akanitazama. "Nani ameshinda?"

Nikajaribu njia nyingine. "Lakini huyu ni Kibogoyo. Unamjua, hana meno. Hawezi kumla mbuzi."

"Sasa kama hana meno," akasema, "anafuata nini kwa boma ya watu?"

Mama yake aliyekuwa anatunga shanga hakuinua macho, lakini nikamwona anatabasamu. Akaniuliza, "Mama, wewe umesema unatoka wapi?"

"Kimilili."

"Huko hakuna fisi?"

"Mimi nimemsikia kwa hadithi tu."

"Ndiyo maana unamuuza." Akakata uzi kwa meno. "Watoto wamefurahi, sikatai. Ata mimi nimecheka. Lakini hiyo kitu nikinunua, fisi analala kwangu. Nimefukuza fisi tangu niolewe, leo nimbebe nimpeleke nyumbani na pesa yangu?"

Hapo ndipo nilipokumbuka kile nilichojifunza Kitengela. Nikatazama nyuma siku nzima ilivyokwenda. Watu walicheka, walisimama, waliitana, walinipa chai. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza bei.

Jioni nilipofika chumbani niliketi na simu mkononi, nikaiangalia tena ile video. Ukiitazama bila kujua unaona watoto wanaoipenda gemu. Ukijua unaona watoto wanaolinda mbuzi. Mayi, nilitamani kunyamaza. Nasema wazi. Mama Njoki alikuwa ameshaamini, mwenye nyumba alikuwa ameshapigiwa, na mimi sikuwa nimesema uongo wowote, nilituma tu kilichoonekana. Nikajiambia, labda wakizoea watanunua. Labda wa mjini Kajiado si kama wa sokoni. Nikajipa kila labda niliyoweza kuipata, na zote zilikuwa na kitanda cha Nafula ndani yake. Nililia kidogo, kisha nikapika ugali.

Lakini nikafikiria pia: duka likifunguliwa, na fisi wakae kwenye rafu hakuna anayewataka, litafungwa. Nitakuwa nimemtoa mtoto shuleni kwake, nimemtoa kwako, nimempeleka mahali ambapo baada ya muda mfupi tunafungasha tena. Bora asubiri mahali alipozoea.

Asubuhi nikamwambia Mama Njoki kila kitu. Mwanzo hakuelewa.

"Kwani shida iko wapi? Wanacheza, wanafurahi."

"Wanafurahi fisi akikamatwa. Na hakuna mtu ameuliza bei."

"Hakuna?"

"Hata mmoja."

Akaichukua simu yake akaitazama video tena, safari hii akiwa ameisogeza karibu na macho. Akatazama mpaka mwisho. Nikamwona midomo inaanza kucheza, kisha akaangua kicheko, mwenyewe akashika meza. "Hawa watoto! Wamemrudisha kwa mbwa tena na tena! Na mimi hapa nasema ni soko." Halafu akanitazama, kwa sababu yeye naye ni mama na alikumbuka vile vyumba. "Unajua hii maana yake ni nini kwako?"

Nikasema najua.

"Ungeweza kunyamaza."

"Ungejua tu, Mama Njoki. Rafu zingekuambia."

Akawapigia simu wale vijana wa Nairobi mbele yangu. Wakabisha mwanzo, kisha mmoja akaanza kuuliza maswali mengi kuliko mimi. Je, wangetaka kuwa mbwa? Ama wawe mbuzi wenyewe? Ama mchungaji mwenye fimbo? Nikamwambia kwamba Nasieku aliniuliza kitu kama hicho nikifungasha vitu: kama kuna mahali unaweza kubonyeza uwe wewe ndiye unayelala mlangoni mwa boma. Yule kijana akasema, "Ngoja niandike hiyo." Wamesema watatengeneza upande wa pili wa gemu, wa kuwalinda mbuzi, ingawa hawakusema lini. Nikawaambia na kile kicheko wakirekebishe.

Kwa hivyo mambo yamekuwa hivi. Za Kitengela Mama Njoki ameagiza, na zinatoka. Duka la Kajiado litangoja mpaka upande wa mbuzi ukamilike, na mwenye nyumba hakubali kungoja, huenda vile vyumba vikapata watu wengine. Mama Njoki amesema vyumba haviishi duniani, na kwamba toka sasa haagizi kitu cha kwenda Kajiado kabla sijaketi nacho pale barazani. Nimefurahi kwa hilo. Lakini Januari sitakuja kumchukua Nafula, na hilo limeniuma na linaniuma ninapoliandika.

Mayi, usimlaumu Mama Njoki, na usiniambie ningenyamaza, maana nitajua hujamaanisha. Mpe salamu Baba Mdogo, mwambie mahindi hayajianiki yenyewe. Msalimie dada yangu Nelima, na mume wake fundi wa baiskeli, na yule mwanawe mchanga ambaye bado sijambeba. Msalimie mama mkwe wa Nelima, yule wa kwaya, mwambie wimbo wa jirani yangu hata yeye ungemshinda. Dawa ya goti nitatuma nyingine, na hiyo usimpe mtu.

Sasa Nafula. Hapa usimsomee Kukhu kwanza, hapa naongea na wewe. Najua umesoma yote hayo kwa sauti yako, na ya Januari pia. Samahani, mwanangu. Nilitaka uyapate kwangu, hata kama ni kwa mdomo wako. Lakini kuna kitu kimenisumbua tangu siku ile ya soko. Nimekaa na watoto wa Kitengela na wa Kajiado, nimejua nani anamtaka fisi na nani anawataka mbuzi, nimejua hata anayetaka kulala mlangoni mwa boma. Halafu nilipokuwa nakunja ule waya wa umeme nikagundua kuna mtoto mmoja sijamuuliza, na huyo ndiye alikuwa sababu ya kazi yote.

Basi nakuuliza. Ungekuwa wewe ndiye umeshika kile kidude, ungekuwa upande wa nani? Usijibu la kunifurahisha. Fikiria kwanza, halafu mwombe Baba Mdogo simu uniambie mwenyewe, nikusikie. Majibu ya watoto wengine wote nilimpelekea Mama Njoki. Lako sitampa.

Ni mimi, binti wa mmoja wenu na mama wa mwingine,

Nekesa